Vyuma vya Nyonga na Maumivu Yake

Mtu mzima akianguka na kuvunjika nyonga, swali la kwanza la jamaa zake ni kama atatembea tena. Swali la pili huja baadaye, aghalabu mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji, na mwenye kuuliza ni mgonjwa mwenyewe: mbona vyuma vinaniuma? Makala hii yahusu swali hilo la pili. Wanafunzi wa sekondari watakuta humu mambo ambayo wamekwisha kufundishwa katika fizikia, kemia na biolojia, ijapokuwa pengine hawakutarajia kuyakuta ndani ya paja la bibi yao.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa namna inayofahamika sana. Bibi wa miaka 70 anaishi katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu. Usiku wa mvua anatoka kwenda chooni, anateleza, anaangukia ubavu, wala hawezi kuinuka. Mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenziwe na wayo umegeukia nje. Dalili hizi mbili zikionekana pamoja, hata mtu asiye tabibu anaweza kushuku kwamba nyonga imevunjika. Anapelekwa Bariadi mjini, na kutoka huko, kwa njia ya Lamadi na Magu, anafikishwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo tangu ilipofunguliwa mwaka 1971 imekuwa tegemeo la watu wa Kanda ya Ziwa. Anapasuliwa, anawekewa vyuma, anarudishwa nyumbani na magongo. Mwezi wa nne, wakati watu wako shambani wakivuna pamba, anaanza kulalamika.

Hapo wana wa nyumba hugawanyika. Mmoja husema chuma kimeshika kutu mwilini. Mwingine husema aitwe mkandaji. Wa tatu husema auzwe ng'ombe, bibi arudishwe Mwanza. Ng'ombe mmoja si kitu kidogo kwa kaya ya wakulima, wala safari na foleni za hospitali si jambo dogo kwa mtu wa miaka 70. Kwa hiyo yafaa kujua ni maumivu yapi yanayostahili ng'ombe, na yapi yanayostahili subira. Kwa bahati njema hilo si jambo la kubahatisha tu. Mahali maumivu yalipo, wakati yanapokuja, na kitendo kinachoyaamsha, vyote vina maana.

MFUPA NA MZIGO WAKE

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Mwisho wake wa juu una kichwa cha mviringo kama mpira, nacho kimeingia katika kikombe kilicho kwenye mfupa wa kiuno. Kichwa hicho hakikukaa wima juu ya mfupa, bali kimeshikwa na shingo iliyoinama kwa pembe ya nyuzi zipatazo 130. Chini ya shingo, upande wa nje, lipo fundo kubwa ambalo kila mtu anaweza kuligusa kwa kiganja ubavuni mwa nyonga yake. Misuli ya tako imejishikiza kwenye fundo hilo. Kile ambacho watu hukiita kuvunjika nyonga ni mvunjiko wa shingo, au mvunjiko wa hapo penye fundo. Mahali hapo pawili pana tofauti kubwa, nasi tutairudia.

Kwanza tupime mzigo. Mtu mwenye kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, kama tufanyavyo sote katika kila hatua, nyonga ya mguu ule huwa egemeo la wenzo. Upande mmoja wa egemeo uko uzito wa mwili ukiondoa mguu uliokanyaga, yaani kilo zipatazo 50, au nyutoni 500. Uzito huo unashuka umbali wa kama sentimeta 10 kutoka kwenye kiungo. Upande wa pili iko misuli ya tako, ikivuta kwa umbali wa kama sentimeta 5 tu. Ili kiuno kisidondoke upande mmoja, misuli hiyo hapana budi ivute kwa nyutoni 1,000. Kiungo chenyewe hubeba jumla ya vyote viwili: nyutoni 1,500, ambazo ni mara mbili na nusu ya uzito wa mtu yule mzima.

Hesabu ya namna hii ilifanywa na Friedrich Pauwels huko Ujerumani katika miaka ya 1930. Baadaye Georg Bergmann na wenzake mjini Berlin waliweka vipimo vidogo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa waliokubali, vikawa vinatuma habari nje ya mwili kwa mawimbi ya redio. Wakakuta kwamba mtu anapotembea taratibu kiungo hubeba mzigo ule ule uliokisiwa kwa karatasi na kalamu: mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, au karibu na hapo. Mgonjwa alipojikwaa, mzigo ulipanda kupita mara 7. Napenda kuwaeleza wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, maana wengi hudhani kwamba wenzo ni kitu cha kwenye mtihani tu.

Mwalimu anaweza kuiendeleza hesabu hii darasani. Mpe bibi yetu ndoo ya maji ya lita 20 kichwani. Nyutoni 500 zinakuwa 700, misuli inavuta 1,400, na nyonga inabeba 2,100. Sasa mwondolee ndoo, umpe fimbo, aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, na aikandamize chini kwa nyutoni 50, ambazo ni kama uzito wa mfuko wa kilo 5 za sukari. Fimbo iko mbali na egemeo, kama sentimeta 40, kwa hiyo ingawa kani yake ni ndogo, nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa. Misuli sasa inahitaji kuvuta nyutoni 600 tu, na kiungo kinabeba nyutoni 1,050. Fimbo moja imepunguza mzigo kwa karibu theluthi. Lakini ikishikwa upande wa mguu mbovu, kama wagonjwa wengi wafanyavyo kwa kudhani kwamba ndio upande unaohitaji msaada, faida hiyo hupotea, kwa sababu upande unaoning'inia ni ule mwingine. Usukumani fimbo haikosekani katika nyumba yoyote. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia bibi aihamishie mkono wa pili.

VYUMA VYENYEWE

Mganga wa kwanza kufaulu sana katika kuunga shingo ya paja kwa chuma alikuwa Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Boston, Marekani. Mwaka 1931 alitangaza msumari wake wenye mapezi matatu, uliopita kutoka ubavuni, ndani ya shingo, hadi kwenye kichwa. Kabla ya hapo mgonjwa alilazwa akiwa amefungwa plasta kubwa kwa miezi, na wazee wengi hawakuinuka tena. Hata leo, katika hospitali zetu zisizo na daktari bingwa wa mifupa, mguu huvutwa kwa mawe au mifuko ya mchanga iliyoning'inizwa mwisho wa kitanda, na mgonjwa hulala hivyo kwa majuma mengi, akikabiliwa na vidonda vya mgongoni, kichomi, na damu kuganda miguuni.

Chuma cha kawaida hakikufaa. Charles Venable na Walter Stuck, wa San Antonio, Texas, walionyesha mwaka 1937 kwamba metali mbili tofauti zikiwekwa pamoja katika mfupa wa mnyama, umajimaji wa mwili hufanya kazi ya elektroliti. Mkondo mdogo wa umeme hupita, metali moja huliwa, na mfupa ulio kando yake huharibika. Mwanafunzi aliyewahi kuchomeka msumari na waya wa shaba katika limau na kupata umeme ameiona sayansi hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo kanuni ya mafundi ni kwamba bamba na skrubu zake zitoke katika metali ya aina moja. Vyuma vya leo ama ni chuma kisichoshika kutu chenye kromi, nikeli na molibdeni, ama ni aloi ya kobalti na kromi, ama ni titani. Vyote hujivika ngozi nyembamba sana ya oksaidi inayovilinda. Kwa hiyo yule kijana wa Ngulyati asemaye chuma kimeshika kutu amefikiri vizuri, lakini jibu lake si la kwanza kutafutwa. Mara nyingi mno sababu ni nyingine.

Vyuma hivi ni vya namna tatu. Namna ya kwanza ni bamba lililofungwa ubavuni mwa paja, lenye bomba fupi ambamo hupita skrubu nene inayoingia hadi kwenye kichwa cha mfupa. Skrubu hii imeundwa iteleze ndani ya bomba, ili vipande viwili vya mfupa vikaribiane kadiri mgonjwa anavyokanyaga. Ya pili ni msumari mrefu unaoingizwa katika uwazi wa uboho. Msumari wa namna hii ulibuniwa na Gerhard Küntscher wa mjini Kiel, Ujerumani, aliyeutumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Ya tatu si kuunga bali ni kubadili: kichwa kilichovunjika hutolewa na mahali pake huwekwa kichwa cha metali chenye mguu wa kuchomekwa ndani ya paja. Kichwa bandia kinachojulikana zaidi katika Afrika Mashariki kinaitwa kwa jina la Austin Moore wa South Carolina, Marekani. Yeye na Harold Bohlman walimwekea mgonjwa sehemu ya juu ya paja iliyotengenezwa kwa metali mwaka 1940, na umbo tunalolijua leo lilitoka katika miaka ya 1950.

Katika Ulaya mpasuaji huweka msumari au skrubu akitazama picha ya eksirei inayoonekana papo hapo kwenye kioo cha mtambo. Mtambo huo ni ghali, na fundi wa kuutengeneza ukiharibika ni adimu. Ndiyo maana shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Marekani aliyewahi kuhudumu Vietnam wakati wa vita, lilitengeneza msumari unaoweza kuwekwa bila mtambo huo. Fremu iliyofungwa nje ya mguu humwonyesha mpasuaji mahali hasa palipo na tundu la skrubu ndani ya mfupa. Msumari huu hutumika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na zipo zana za shirika hilo hilo zilizokusudiwa mivunjiko ya nyonga. Hospitali inayopewa misumari hii hutuma picha na taarifa za kila mgonjwa, na kwa njia hiyo makosa ya mahali pamoja huwa funzo mahali pengine.

Nayataja haya kwa sababu watu wa vijijini husikia kwamba fulani aliumia baada ya upasuaji, wakahitimisha kuwa daktari hakujua kazi. Mara nyingi daktari alijua, bali alifanya kazi bila kuona.

MAUMIVU HUSEMA NINI

Chuma chenyewe hakina mishipa ya fahamu. Hakiwezi kuuma. Kinachouma ni kitu hai kilichokigusa: ngozi ya mfupa, msuli, kano. Hivyo kila maumivu ya vyuma yana mahali ambapo metali na mwili vimekosa kuelewana, na daktari kazi yake ni kupatafuta mahali hapo.

Maumivu ya kidonda cha upasuaji hayahitaji maelezo marefu. Huwa makali siku za kwanza, hupungua juma hata juma, na mgonjwa mwenyewe huona kwamba leo ni afadhali kuliko juzi. Ubaridi wa asubuhi kuyaamsha kidogo si ajabu. Hayo ni ya subira na dawa za kawaida za maumivu.

Ya ubavuni ni namna nyingine. Mgonjwa husema hawezi kulalia upande ule, na akipapasa penye fundo la nyonga anaona kitu kigumu chini ya ngozi. Hapa ndipo skrubu itelezayo ilipofanya kazi yake, pengine kupita kiasi. Kadiri vipande vya mfupa vilivyokaribiana, ndivyo mkia wa skrubu ulivyotokeza nje ya bomba, na sasa msuli na utando mgumu wa pajani vinapita juu yake katika kila hatua, kama kamba inayosuguliwa kwenye ukingo wa kisima. Skrubu ikiteleza milimeta chache, hakuna ubaya, na mfupa hupona vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Ikiteleza kupita sentimeta moja na nusu, maumivu huwa ya kawaida na mguu hufupika pia. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kuonwa, lakini si mbio za usiku. Mfupa ukiisha kuunga, skrubu hiyo inaweza kutolewa au kubadilishwa kwa fupi.

Maumivu ya kinena ni ya kuogopwa zaidi. Ndani ya kinena ndimo kilimo kiungo chenyewe. Mgonjwa akisema kwamba alikuwa anatembea vizuri, kisha akaanza kuumwa kinenani kila akikanyaga, na mguu unazidi kuwa mfupi, kuna mambo matatu ya kushuku.

La kwanza ni kwamba skrubu imechana kichwa cha mfupa na ncha yake imetokeza kiungoni. Mfupa wa mzee ni mwepesi, umejaa vitundu, na skrubu inaweza kuupasua kama kisu kinavyopita katika papai lililoiva. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner na wenzake wa Marekani walichunguza mivunjiko 198 iliyoungwa kwa skrubu za namna hii. Walipima umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa katika picha mbili, ya mbele na ya ubavu, wakajumlisha. Skrubu 16 zilikuwa zimechana mfupa. Lakini kati ya 120 ambazo jumla yake haikupita milimeta 25, hakuna hata moja iliyochana. Rula na picha mbili za eksirei! Sijui vipimo vingi katika tiba vyenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo hivyo. Maana yake ni kwamba tofauti ya sentimeta moja siku ya upasuaji yaweza kuwa tofauti kati ya kutembea na kutotembea miezi mitatu baadaye, na hapo msomaji ataona kwa nini mtambo wa kuonea si anasa.

La pili ni kufa kwa kichwa cha mfupa. Nilisema kwamba mahali pa mvunjiko pana tofauti. Damu nyingi ya kichwa hupanda kupitia mishipa midogo iliyojilaza juu ya shingo, mfano wa kijiji chenye barabara moja tu, nayo ina daraja. Shingo ikivunjika na vipande vikihama, daraja limesombwa. Mvunjiko wa penye fundo uko chini ya daraja hilo, kwa hiyo kichwa hubaki na damu yake na mfupa huunga kwa urahisi zaidi. Kichwa kilichokosa damu hakifi kwa kelele. Hukaa na umbo lake kwa miezi, hata miaka miwili, kisha huanza kubonyea kama yai lililopasuka ganda. Ndipo skrubu zilizokuwa ndani zikabaki zikichungulia nje na kuparuza kikombe. Kwa sababu hii wapasuaji wengi humpa mzee mwenye mvunjiko wa shingo uliohama kichwa bandia tangu mwanzo, kuliko kumwekea skrubu na kungoja.

La tatu ni mfupa kutounga kabisa. Hapa iko fizikia nyingine inayofaa kujulikana. Chukua waya na uukunje huku na huku, nao utakatika ingawa hakuna mkunjo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Mtu atembeaye kila siku hukanyaga kwa mguu mmoja kadiri ya mara milioni moja kwa mwaka. Hakuna chuma kilichoundwa kibebe peke yake mizigo ile tuliyoihesabu, milioni kwa milioni. Chuma huwekwa kishike vipande kwa miezi michache tu, hadi mfupa uchukue kazi yake. Mfupa ukichelewa, chuma huchoka na kukatika. Maumivu yanayozidi kila mgonjwa akikanyaga, na kutulia akikaa, huwa ni ishara kwamba mfupa bado na chuma kinachoka, naye daktari hutaka kuyasikia kabla chuma hakijakatika, si baada yake.

Wengine huumwa katikati ya paja, mbali kabisa na mvunjiko, jambo linalowashangaza. Hao ni wenye msumari au wenye kichwa bandia cha mguu mrefu. Chuma kisichoshika kutu ni kikakamavu kadiri ya mara 10 kuliko gamba la mfupa. Titani ni kama mara 5 au 6. Sehemu ya paja yenye msumari hupinda kidogo sana, na sehemu iliyo chini ya ncha ya msumari hupinda kama kawaida, na hapo zinapokutana mkazo hujikusanya. Mkulima ameyaona haya katika jembe: mpini hauvunjiki katikati, huvunjika pale ulipokutana na chuma. Katika maabara ya chuo nilikosomea ng'ambo tulikuwa tukipima jambo hili kwa vipimo vya umeme vilivyogundishwa juu ya mfupa, nami nilikuwa nikiufikiria mpini wa jembe.

Upo upande wa pili wa jambo hilo. Julius Wolff wa Berlin aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Chuma kikakamavu kikichukua mzigo wote, mfupa ulio kando yake hukonda. Mguu wa kichwa bandia kisichogundishwa kwa saruji ya mifupa waweza hivyo kulegea, na mgonjwa huumwa hasa katika hatua za kwanza baada ya kuinuka kitini, kisha maumivu hupungua akiendelea kutembea. Maelezo hayo madogo, kwamba inauma ninapoanza, humsaidia daktari sana. Mgonjwa asione haya kuyasema, na mjukuu anayemsindikiza asimkatize.

MAUMIVU YASIYOLALA

Nimeacha mwisho maumivu yanayostahili ng'ombe mara moja, bila mashauri. Yote tuliyoyataja hadi sasa huamshwa na mwendo na hutulia kwa mapumziko. Yakiwapo maumivu ambayo hayatulii usiku, paja likawa la moto, pakawa na homa, au kovu likaanza kutoa maji au usaha hata tone moja, huo ni uambukizo.

Bakteria walioingia mwilini bila kukuta chuma hupambana na chembe nyeupe za damu na dawa, na aghalabu hushindwa. Wakikuta chuma hujishikiza juu yake na kujifunika kwa utando wao wenyewe. Msomaji akitaka kuujua utando huo, na apitishe kidole ndani ya mtungi wa maji ambao haukuoshwa kwa muda mrefu: ule utelezi ni kijiji cha bakteria. Kumimina maji mapya hakuuondoi. Hapana budi kusugua. Vivyo hivyo vidonge peke yake havitoshi kuuondoa utando ulioota juu ya skrubu, ijapokuwa vinaweza kuficha homa kwa majuma kadhaa na kumpa mgonjwa faraja ya uongo. Mpasuaji hulazimika kufungua, kusafisha, na pengine kutoa vyuma vyote. Akifika mapema, majuma ya kwanza, mara nyingi vyuma huweza kuokolewa. Akifika baada ya mwaka wa kununua vidonge dukani, mfupa nao umekwisha kuoza.

Mkandaji wa mifupa ana heshima yake, na wako wanaofunga mikono iliyovunjika kwa vijiti vizuri kabisa. Walakini nyonga yenye chuma si mahali pake. Kukanda kwa nguvu paja lenye mfupa usiounga huchosha chuma upesi. Kuchanja juu ya kovu huwafungulia bakteria mlango. Na mguu wenye kichwa bandia ukikunjwa kupita kiasi na kugeuzwa ndani, kichwa huchomoka katika kikombe. Hatari hii ya mwisho iko pia katika maisha ya kila siku ya kijijini, kwa kuchuchumaa kwenye choo cha shimo na kukaa kwenye kigoda kifupi. Fundi seremala wa hapo hapo anaweza kumaliza tatizo kwa kutengeneza kiti kirefu chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo la choo. Gharama yake haifikii hata mbuzi.

Kwa bibi wetu wa Ngulyati, safari ya kwanza haihitaji kuwa ya Mwanza. Picha ya eksirei, ya mbele na ya ubavu, ikipigwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bariadi, huonyesha kama skrubu imetokeza, kama kichwa kimebonyea, kama mfupa umeunga. Jambo moja ni la lazima: aende na picha za zamani. Picha moja humwonyesha daktari hali ilivyo. Picha mbili za tarehe tofauti humwonyesha kinachotembea. Nimeona familia zinazotunza hati ya shamba katika sanduku la chuma huku picha za eksirei zimetandikwa chini ya godoro, zimekunjika na kupauka. Zikae pamoja na hati ya shamba.

Wanafunzi huniuliza mambo mengine mawili. Moja ni kama chuma kilicho pajani huvuta radi. Hakivuti. Radi hutafuta kitu kirefu kilichojitokeza juu ya ardhi, na mtu mwenye chuma na asiye nacho wako katika hatari sawa wakisimama chini ya mti wakati wa mvua. La pili ni kama vyuma ni lazima vitolewe mfupa ukiisha kupona. Kwa mzee asiyeumwa, huachwa humo daima. Kuvitoa ni upasuaji mwingine, wenye nusukaputi yake na hatari yake, na tena kila skrubu iliyotoka huacha tundu. Tundu hilo hudhoofisha mfupa mpaka lijazike, jambo linalochukua miezi kadhaa, na katika miezi hiyo mgonjwa aliyetolewa vyuma hurudishiwa magongo yake.